Jinsi ya Kuwa Mwananchi Safi Mpakani

Mwongozo huu ni wa yeyote atakayeamka siku moja akajikuta Ngara au Biharamulo, kaskazini magharibi mwa Tanzania, mwaka wowote kati ya 1967 na 1985, hana kadi ya Chama, hana barua ya balozi, na sukari nyumbani imekwisha. Haujapitishwa na kikao chochote. Chama chenyewe, TANU, kilitoa Mwongozo wake mwaka 1971, na kipengele cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na ubabe. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikisoma kipengele hicho wakakiamini, wakaanza kuwafungia mameneja nje ya geti. Haukupita muda wakaelezwa kwamba hawakukielewa. Basi hilo ndilo la kwanza la kushika: maandishi ya Chama husomwa kwa sauti, hayasomwi kwa makini.

La pili ni kuchunga ulimi. Usiseme ukomunisti. Ukomunisti uko Moscow na Peking. Hapa kuna Ujamaa na Kujitegemea, uliotangazwa kwa Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967. Udikteta nao usiutaje, kwa sababu mbili. Kwanza si kweli sana: huku hakuna Siberia, na Mwalimu Nyerere hakujijengea kasri la marumaru Butiama. Pili, tangu mwaka 1962 Mkuu wa Wilaya ana uwezo wa kukuweka ndani hadi saa 48, na hiyo sababu ya kwanza hatakuwa na nafasi ya kuijadili nawe kabla saa hizo hazijaisha. (Uwezo huo wakuu wa wilaya wanao mpaka leo, na wanautumia. Kuna mambo ya zamani ambayo hayakuhitaji kuhuishwa.)

Mjue balozi wako

Serikali iko Dar es Salaam, mbali. Chama kiko nyumba ya nne kutoka kwako.

Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliigawa nchi nyumba kumi kumi, kila kumi (ndilo shina) na balozi wake. Balozi hana mshahara, hana sare, hana ofisi. Ana daftari, ana bendera juu ya mwanzi uani, na anajua nani kalala wapi. Mgeni akikujia, mpeleke kwa balozi kabla hajaweka mzigo chini, hata kama ni mama mkwe. Ugumu uko kwa shemeji aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Waingereza na Wabelgiji walipogawana ardhi, Bugufi ilibaki Tanganyika na ndugu wakabaki Burundi, na hakuna aliyeuliza nani kaoa wapi. Shemeji huyo anasema kama wewe, anakunywa kama wewe, anacheka kama wewe, ila hana karatasi. Usimtambulishe kama mgeni. Sema amekuja kusaidia kulima. Balozi ataandika "mkulima", na Azimio lilishasema wakulima na wafanyakazi ndio wenye nchi.

Hakuna linaloenda bila barua ya balozi. Dhamana polisi, nafasi ya shule, safari ya Mwanza, kibali cha kupika pombe ya harusi, vyote vinaanzia kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, yenye maneno yale yale: mtajwa hapo juu ni mkazi wa shina langu, ninamfahamu, naomba asaidiwe. Chini sahihi, na tarehe ambayo mara nyingi ni ya jana.

Usimpe rushwa, utamtukana. Mpelekee salamu. Kibuyu cha kwanza cha pombe ya rubisi kikiiva, kipite kwake. Akiwa na msiba, uwe wa kwanza kubeba kuni. Na nitasema hili bila kejeli: kazi nyingi ya balozi ilikuwa kusuluhisha mume na mke, kuamua mbuzi wa nani kala maharage ya nani, na kumwambia katibu wa kata kwamba mjane fulani hana cha kuchangia, aachwe. Aliyekuchungulia ndiye huyo huyo aliyekukinga. Wanaoandika kwamba nyumba kumi zilikuwa ujasusi mtupu hawajawahi kuhitaji shahidi saa nane za usiku. Lakini wanaosema ulikuwa ujirani mwema mtupu nao wamesahau lile daftari.

Sukari

Watu hudhani mtu hutawaliwa kwa bunduki. Katika wilaya hizi mbili, zenye milima upande mmoja na misitu ya mbung'o upande mwingine, polisi walikuwa wachache na gari lao lilikuwa juu ya mawe likisubiri tairi. Kazi ya polisi ilifanywa na sukari.

Fuata njia yake. Sukari inatoka kiwandani, inaingia kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, ile RTC, kule Bukoba. Inatoka Bukoba kwa kibali hadi wilayani. Wilayani inagawiwa kata. Kata inagawia vijiji. Kijiji kina duka lake, kwa sababu mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka na wenye maduka binafsi wakaambiwa wafunge, wao ni kupe. Duka la kijiji lina karani. Karani ana orodha. Orodha imetoka kwa mabalozi. Kila mahali sukari inapopita pana mkono, na kila mkono una kijiko.

Siku ya mgawo utaiona hivi. Gunia limeletwa limeshonwa kwa uzi ambao si wa kiwandani. Limewekwa barazani, na karani kakaa nyuma yake kwenye kiti cha shule. Mizani haina jiwe la nusu kilo, kwa hiyo kinatumika kikombe cha plastiki ambacho ukingo wake umepunguzwa kwa kisu. Wanawake wamejipanga tangu alfajiri. Asiyeweza kusimama kaweka jiwe au kikapu kwenye nafasi yake, na jiwe hilo linaheshimiwa kuliko mwenyewe. Kila jina likiitwa, mtu anapanua ncha ya kanga au anatoa karatasi ya gazeti la Uhuru la mwezi uliopita. Punje zinazodondoka kwenye saruji zinaokotwa na watoto kwa kidole kilicholowa mate. Kisha majina yanakwisha, na gunia bado halijalala kabisa.

"Karani, mwanangu, hebu angalia tena."

"Mama, orodha imeisha."

"Imeisha orodha au sukari?"

"Vyote, mama. Kamuone balozi."

Mama huyo hajafungwa wala hajatukanwa. Ila Alhamisi iliyopita mume wake hakufika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, akaenda kuuza mbuzi. Alhamisi ijayo atafika, na jembe atalipiga msasa kabisa. Hapo hakuna askari aliyetumwa na hakuna risasi iliyopotea.

Ukitaka sukari nje ya orodha, ziko njia tatu za heshima. Ya kwanza ni harusi, maana harusi ina kibali. Ya pili ni msiba, ambao kibali chake ni chepesi zaidi, na ndiyo maana wapo marehemu wanaosemekana kufariki mara mbili katika robo mwaka moja. Ya tatu ni kuwa karani.

Usilalamike kwamba mkoa wetu una kiwanda cha sukari. Ulikuwa nacho. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia hadi mto Kagera, yakapora na kubomoa kiwanda na mashamba, na vita vilipokwisha mwaka 1979 mkoa uliokuwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto huo. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18. Mkanda wenyewe ulikuwa haupatikani dukani, lakini tulielewa. Miezi 18 ikapita, ikazaa mingine. Ukaja unga wa njano kutoka Marekani kwa mabeberu, tukauita unga wa Yanga, na hata wapenzi wa Simba waliula bila kusema neno.

Mkutanoni

Keti katikati. Mbele ndipo wanapochaguliwa wajumbe wa kamati; nyuma ndipo wanapoanza kutafuta wazembe. Mwite kila mtu Ndugu, pamoja na yule unayemdai. Kiongozi akipaza sauti "Kidumu Chama cha Mapinduzi", jibu "Kidumu!" kwa kifua, si kwa koo, kwa sababu atairudia mpaka apate ya kifua, na jua linapanda. Kabla ya 1977 Chama ni TANU. Ukichanganya miaka utaonekana mpinzani au mtabiri, na hakuna kati ya hao anayepata sukari.

Makofi yana kanuni. Tarakimu zikitajwa, piga. Neno "mabepari" likitajwa, tikisa kichwa kwa masikitiko. Jina la Mwalimu likitajwa, piga huku umesimama, lakini usiwe wa kwanza kusimama wala wa mwisho kuketi. Swali likiruhusiwa, uliza lenye jibu ndani yake: Ndugu Mwenyekiti, je, tuongeze juhudi? Watu wa aina hii ya maswali walifika mbali. Nawajua waliofika wilayani.

Kutakuwa na michango. Ya Mwenge wa Uhuru ndiyo mizito, maana Mwenge hauji mikono mitupu. Unataka mradi wa kuzindua, na mradi unataka mabati, na mabati yanataka wewe. Ikiwa kijiji hakina mradi, kipake chokaa kitu chochote kilichosimama.

Kampeni nyingine zilikuja kwa redio. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya: watu walikusanyika kwenye vikundi kuisikiliza Redio Tanzania, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Naikubali kampeni ile. Maji yaliyochemshwa hayana itikadi. Ila kumbuka kwamba atakayekuja ni mkaguzi wa choo, si mtumiaji. Chimba choo kilicho karibu na njia, kiezeke vizuri, kifagie, na usiruhusu mtu kukitumia kabla ya ukaguzi. Wengine hawakuruhusu hata baada ya ukaguzi, kwa kuwa kilikuwa kizuri kuliko nyumba. Kuku walitaga humo kwa amani.

Siku ya kuhama

Tarehe 6 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mpaka hapo ilikuwa hiari, na hiari ilikuwa imechukua miaka sita bila kufika popote. Operesheni ikaanza, na kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa ndani ya vijiji zaidi ya 7,000. Nilishawasikia wazee wakisema hawakushangaa. Waingereza nao waliwahi kuwakusanya watu wa magharibi hii pamoja, wakidai ni kwa ajili ya malale. Kila serikali inayofika huku huona nyumba zimetawanyika sana.

Kama kwenu ni kwenye migomba iliyobanana, kama kule Bukoba au Kilimanjaro, una bahati: haitawezekana kukupeleka popote, kwa hiyo kijiji kitakuja kwako. Mtatiwa mstari kwenye ramani, mtapewa namba ya usajili kwa sheria ya 1975, na mtaamka wajamaa mahali pale pale mlipolala. Lakini kama unaishi kwenye kilima chako peke yako, ukiwa na majirani wa kuitana kwa sauti, jitayarishe. Watakuja mgambo na kamba. Kamba itanyooshwa kando ya barabara, na kila mtu ataonyeshwa kiwanja chake kwenye mstari, mlango ukiangalia njia, ili atakayepita na Land Rover aone maendeleo bila kushuka.

Chukua mlango. Usihangaike na vyungu, vyungu hufinyangwa. Mbao za mlango hazipatikani, na nguzo nazo ukiweza. Kuta zitabaki, na patabaki migomba, mibuni, na makaburi ya wazee. Pataitwa mahame. Ndizi zitaendelea kuiva pale bila kupata habari za Operesheni, na wewe utalazimika kuzifuata usiku kwa njia ya porini, ukavune mkungu wako mwenyewe kama mwizi. Ukikamatwa, ungama kwamba ulikwenda kuwaaga wazee makaburini. Mkungu begani utajieleza wenyewe.

Kwenye shamba la kijiji fika mapema, uonekane, salimia kwa sauti. Palilia mistari mitatu iliyo karibu na barabara kwa moyo wako wote. Mistari ya katikati ni ya vizazi vijavyo. Bwana Shamba akitokea, jembe liwe juu, na akiondoka pia liwe juu, kwa kuwa anaweza kugeuka. Kila kaya ina ekari yake ya muhogo kwa sheria ndogo, na hiyo uilime kweli. Siku orodha ya sukari itakapokukosa, muhogo hautakuuliza kadi.

Mpaka

Hapa ndipo Ngara inapoizidi nchi nzima. Mwananchi wa Dodoma akikosa sabuni, amekosa sabuni. Mwananchi wa Ngara ana Rwanda mkono mmoja na Burundi mkono mwingine, na mito yenye mitumbwi.

Anza na kahawa. Zamani uliiuza kwa chama cha ushirika. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na baadaye ikaja Mamlaka ya Kahawa. Ukapeleka magunia, ukapewa stakabadhi. Pesa ingekuja. Stakabadhi ni karatasi nzuri, ina muhuri na mistari, lakini huwezi kuivaa wala kuifulia. Kahawa isiyolipwa huota miguu, na miguu ya kahawa ilijua njia za Kabanga na Murusagamba kuliko afisa ugani.

Magendo yana adabu zake. Huendi na mwezi mpevu. Huvuti sigara. Mzigo unakaa kichwani, kwa sababu mtu mwenye mzigo kichwani usiku anaweza kuwa anatoka kilioni, lakini mwenye mzigo mgongoni anatoka mahali. Mtoni usiseme bei. Sauti husafiri juu ya maji. Ng'ambo unapokea faranga au unapokea bidhaa moja kwa moja, na mwenye akili hupokea bidhaa. Wanawake ndio walikuwa mabingwa. Alivuka na kitenge kimoja, akarudi amenenepa: vitenge vinne mwilini, kimoja juu ya kingine, mche wa sabuni umefungwa tumboni mahali pa mimba, na mtoto halisi mgongoni kuthibitisha kwamba mimba nyingine inawezekana.

Mgambo atakuwapo. Usimkimbie. Ni mtoto wa jirani. Bunduki yake ni ya mazoezi na kaptula yake imetoboka. Naye anaoga. Msalimie kwa jina la baba yake, uliza hali ya mama, kisha punguza uzito wa tumbo kidogo. Siku atakapokuja na afisa kutoka mkoani, yeye ndiye atakayepiga chafya kwanza.

Kitenge kipya ni ushahidi. Kabla hujakivaa kanisani Rulenge, kiloweke kwenye maji ya jivu, kikunje, kilalie siku mbili tatu, kisha kivae shambani. Kikipauka kidogo, kitakuwa kile ulichonunua zamani, wakati wa bei nzuri. Watu wengine nchini walichakaa kwa dhiki. Ngara kulikuwa na watu waliochakaza nguo zao kwa makusudi ili wafanane na wenzao.

Mwenzangu wa Biharamulo atasema yeye yuko mbali na mpaka. Kweli. Lakini lori lolote lililotoka huku kwenda ziwani au Kahama lilipita kwake, na pale penye kizuizi cha barabara pana mazungumzo. Kijiji chochote chenye kizuizi kilijua sabuni ya wageni inanukaje.

Amri rahisi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kubana mafuta, ilikuwa marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Hii tuliitii yote, kijiji kizima, wiki baada ya wiki, bila msako wala kikao. Hatukuwa na magari.

Msako

Machi 1983 hali ilibadilika. Waziri Mkuu alikuwa Edward Sokoine, mtu ambaye watu wa kawaida walimpenda, wengi wanampenda hadi leo, na nadhani ni kwa sababu kwa mara ya kwanza walioogopa walikuwa wenye maghala. Walanguzi na wahujumu uchumi walikamatwa nchi nzima, na sheria ya kuwashtaki ikapitishwa na Bunge baada ya wao kukamatwa, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Mahakama yao maalumu haikuruhusu mawakili wala rufaa. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa, na Sokoine akafariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, Aprili 1984.

Lakini kijijini msako hauna macho ya kutofautisha ghala na kabati. Ilitosha kuwa na miche mitatu ya sabuni. Wakati huo vitu vilitupwa majini, vilizikwa, vilichomwa. Watu waliotafuta sukari kwa miaka mitano sasa waliogopa kukutwa nayo. Ushauri wangu: kinachozidi kilo moja, kigawe. Wape majirani wote kumi kidogo kidogo, uanze na balozi. Kitu kilichomo katika kila nyumba si hujuma. Ni maendeleo ya shina. Nimeambiwa kwamba ujamaa wa kweli ulitekelezwa majuma yale ya msako, na haujarudi tena.

Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvukazi: kila mwenye nguvu aonyeshe kazi yake. Mijini walikamatwa wazururaji wakarudishwa vijijini. Kwako wewe hili halina shida. Tembea na jembe. Ukienda kuwasalimia wakwe, jembe. Ukienda kilabuni, jembe. Jembe begani lina nguvu kuliko kitambulisho chochote kilichowahi kutolewa na wizara.

Kupiga kura

Unayo haki, na utaitumia. Kwa ubunge Chama kitakuletea wagombea wawili wa Chama, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine mwenye alama ya nyumba. Usicheke: kura hizo zilikuwa na meno, na mwaka 1965 Waziri wa Fedha Paul Bomani aliangushwa nazo. Kwa urais kuna picha ya Mwalimu, na kuna kivuli. Kivuli hakikuwahi kufanya mkutano hata mmoja huku kwetu, hakikuchangia Mwenge, hakikuwa na shina. Hata hivyo kilipata kura zake kila mara, na mabalozi wengine waliziona usiku ndotoni wakijaribu kulinganisha mwandiko.

Ujuzi wa kuuza nje

Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi, ikaja ruksa, na vitenge vikaanza kuvaliwa vikiwa vipya. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Balozi alibaki, sasa akiwa wa chama kimoja kati ya vingi, ingawa hilo baadhi yao hawakuambiwa.

Huenda ukadhani basi ujuzi wa mwongozo huu umepitwa. Majirani hawaoni hivyo. Rwanda ya Rais Habyarimana ilikuwa na nyumbakumi wake, kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Kenya nayo iliutangaza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate. Nchi iliyotucheka kwa ujamaa wetu ilikuja kuazima daftari letu. Na mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa kama saa 24 na kambi ya Benaco ikamea Ngara kwa usiku mmoja, wakulima wa jirani waliotazama ugawaji wa chakula walikuta jambo wanalolijua. Wageni wa mashirika ya misaada walikuwa na malori, mahindi na mahema, ila hawakuwajua watu. Viongozi wa komuni waliokuja na wakimbizi waliwajua, na wengine miongoni mwao walikuwa wametoka kuongoza mauaji ya kimbari. Wakaandika orodha. Majina yakazidi vichwa, ziada ikapata wenyewe, na aliyetaka kurudi kwao akakosa mahindi. Ilichukua muda mrefu mashirika kuelewa nani anaitawala kambi. Mama yeyote wa Rulenge angewaambia siku ya kwanza, kama wangemuuliza nani anashika karatasi.

Siku hizi, ukikaa kwenye rubisi, hutakosa mzee atakayesema kwamba enzi za Mwalimu kulikuwa na heshima, watu walipendana, na sukari kidogo iliyokuwapo ilimtosha kila mtu. Usibishane naye, sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Mwongezee kibuyu, msifu kwa kumbukumbu nzuri, kisha muulize taratibu ni nani aliyekuwa karani wa duka la kijiji.